Wiski Tano za Uskoti na Sababu za Kuzipenda

Upendeleo wa mtu katika vinywaji huchukuliwa mara nyingi kuwa jambo la ulimi peke yake, lisilohitaji hoja, kwa kuwa anachokisifu mmoja mwingine hukitema. Kwa wiski ya kimea inayotoka katika kiwanda kimoja, yaani ile ambayo lebo za chupa huiandika single malt, dhana hiyo haitoshi, kwa sababu karibu kila ladha inayosikika mdomoni ina chanzo kinachoweza kuonyeshwa. Moshi una asili yake, utamu wa zabibu kavu una asili yake, na hata ule mwasho wa pilipili manga unaobaki kooni ulianza na uamuzi wa mafundi juu ya umbo la mtungi wa shaba. Makala haya yanateua wiski tano za Uskoti zinazostahili kupendwa kuliko nyingi za jamii yake, na yanaeleza kila moja ilifikaje hapo. Yanashikilia pia kwamba kipimo cha kuichagua wiski ni kazi iliyofanywa kiwandani, wala si umri ulioandikwa kwenye chupa au bei iliyobandikwa dukani.

Sheria na historia yake

Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinaruhusu jina la single malt litumike kwa kinywaji kilichotengenezwa kwa maji, hamira na kimea cha shayiri tu, kimea kikiwa ni shayiri iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa ili wanga wake uweze kugeuka sukari. Kazi yote ya kuchachusha na kukeneka sharti ifanyike katika kiwanda kimoja. Ukenekaji, yaani kuchemsha pombe hadi itoe mvuke na kuupoza mvuke huo urudi kuwa kimiminika chenye kileo zaidi, hauna budi kufanyika kwa mikupuo ndani ya mitungi, tofauti na ile mitambo mirefu ambayo, tangu Aeneas Coffey apate hataza yake mwaka 1830, imekuwa ikitoa kileo mfululizo bila kusimama. Baada ya hapo kinywaji hulazwa ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, katika ardhi ya Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3, na hakiruhusiwi kuuzwa kikiwa na kileo chini ya asilimia 40. Mbali na maji, kitu pekee kinachoruhusiwa kuongezwa ni rangi ya karameli.

Kanuni ya ukenekaji yenyewe si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa maana ndiyo inayotoa gongo ya Tanzania, chang'aa ya Kenya na waragi ya Uganda. Tofauti imo katika malighafi, katika shaba ya mitungi, katika miaka ya kulala ndani ya pipa, na katika uangalifu wa kuyatenga mafungu matatu ya kinachotiririka: kichwa, ambacho hutoka kwanza kikiwa na kemikali kali zinazovukiza upesi, moyo, ambao ndio unaohifadhiwa, na mkia, ambao ni mzito na wenye harufu ya mafuta. Fundi anayekata moyo mapema hupata wiski nyepesi, na anayeuacha moyo uendelee kidogo kuelekea mkiani hupata wiski nzito yenye moshi zaidi, hivyo kwamba hata kabla ya pipa kuhusishwa, tabia ya kinywaji huwa imekwisha kuanza kujengwa.

Kumbukumbu ya kale inayotajwa zaidi juu ya kinywaji hiki ni ya hesabu za hazina ya kifalme za mwaka 1494, ambamo mtawa John Cor anaonekana akipewa kimea kwa amri ya mfalme ili atengeneze maji ya uzima, jina la Kilatini lililotumika wakati huo kwa pombe iliyokenekwa. Kwa karne nyingi zilizofuata kazi hiyo ilifanyika kwa magendo, hadi sheria ya ushuru ya mwaka 1823 ilipoufanya utengenezaji halali uwe na faida, na George Smith wa bonde la Livet akawa wa kwanza katika eneo lake kuchukua leseni mwaka 1824. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wiski ya kimea iliendelea kuchanganywa na wiski nyepesi ya nafaka, na wanywaji wa nje ya Uskoti wakajua majina ya wachanganyaji bila kuyajua majina ya viwanda. Ni mwaka 1963 tu ndipo Glenfiddich ilipoanza kuitangaza kwa bidii wiski yake ya kimea katika masoko ya nje, na mwaka 1988 kampuni ya United Distillers ikakusanya wiski sita za maeneo mbalimbali na kuziuza kama seti moja. Uhuru wa mnywaji wa nje kuchagua kiwanda akipendacho ni jambo changa, na ndiyo maana mazungumzo juu ya sababu za kuchagua bado yana kazi ya kufanya.

Moshi wa Islay

Kisiwa cha Islay, kilichopo upande wa kusini-magharibi wa Uskoti, hakikuwa na miti ya kutosha kwa kuni, bali kilijaliwa maeneo mapana ya mboji nyeusi, yaani udongo uliotokana na mimea iliyooza nusu ndani ya ardhi yenye majimaji kwa maelfu ya miaka. Mboji hiyo hukatwa vipande kama matofali, hukaushwa, kisha huchomwa chini ya kimea kilichochipua, na moshi wake huacha juu ya punje kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ndizo humpa mnywaji harufu ya moto, ya lami na ya dawa ya vidonda. Wingi wa fenoli hupimwa kwa sehemu katika kila sehemu milioni za kimea, na kimea kinachotumiwa na kiwanda cha Lagavulin, kinachoandaliwa katika mji jirani wa Port Ellen, hufikia takriban sehemu 35.

Lagavulin, kilichoanzishwa mwaka 1816 kwenye pwani ya kusini ya kisiwa, ni jirani wa karibu wa Laphroaig na Ardbeg, viwanda vilivyoanza mwaka 1815, na vyote vitatu husifika kwa moshi mzito. Wiski yake ya miaka 16, yenye kileo cha asilimia 43, inateuliwa hapa kwa sababu moshi wake hautangulii mbele peke yake: ukenekaji wa pili hufanywa polepole kwa zaidi ya saa tisa ndani ya mitungi yenye umbo la peasi, na miaka mingi ndani ya pipa huuzungushia moshi huo utamu wa tunda lililokauka na uchungu mwepesi wa chai ya rangi. Ni wiski ambayo kinachoudhi kwa mara ya kwanza ndicho kinachomrudisha mnywaji kwa mara ya pili.

Kisa cha kihistoria cha kiwanda hicho kinafundisha kwamba mboji peke yake haitoshi kueleza ladha. Mmiliki wake, Peter Mackie, alipopoteza haki ya kuiuza wiski ya Laphroaig, alijenga mwaka 1908, ndani ya uwanja uleule wa Lagavulin, kiwanda kidogo kilichoitwa Malt Mill ili aige wiski ya jirani yake. Kisiwa kilikuwa kimoja, mboji ilikuwa ya aina moja, na umbali ulikuwa wa kutembea kwa miguu, lakini kinywaji kilichotoka hakikuwa Laphroaig. Kiwanda hicho kiliendelea na maisha yake mwenyewe hadi kilipofungwa mwaka 1962. Kinyume chake, kule visiwa vya Orkney vilivyopo kaskazini, kiwanda cha Highland Park hutumia mboji iliyotokana zaidi na vichaka vifupi vyenye maua badala ya miti, na moshi wake hukumbusha asali kuliko lami. Moshi, kwa hiyo, una asili ya mahali, lakini mikono ya watu huugeuza.

Umbo la mtungi

Shaba haikuchaguliwa kwa sababu ya uzuri wake tu, kwa kuwa mvuke unapougusa ukuta wa shaba hupoteza sehemu kubwa ya michanganyiko ya salfa inayonuka, na kadiri mguso unavyodumu ndivyo kinywaji kinavyozidi kuwa chepesi. Urefu wa shingo ya mtungi nao una kazi yake, kwani mvuke mzito huchoka njiani, hugeuka matone na kuanguka tena chini, hali mvuke mwepesi wenye harufu za maua na matunda hufika juu na kuvuka. Viwanda viwili vinaonyesha kanuni hiyo kwa namna mbili zinazopingana.

Cha kwanza ni Glenmorangie, kilichoanzishwa mwaka 1843 karibu na mji wa Tain, ambacho mitungi yake ndiyo mirefu kuliko yote Uskoti, ikifikia takriban mita 8, huku shingo peke yake ikizidi mita 5. Kiwanda chenyewe hulinganisha shingo hizo na kimo cha twiga mzima, kimemfanya twiga kuwa alama yake, na tangu mwaka 2020 kinashirikiana na Giraffe Conservation Foundation, shirika linalowalinda wanyama hao barani Afrika. Kinachotoka katika mitungi hiyo ni wiski laini yenye harufu ya machungwa na vanila, na ile inayoitwa Original, inayolazwa katika mapipa yaliyokwisha kutumika kwa wiski ya Marekani, inateuliwa hapa kuwa mlango mwema kwa anayeanza, kwa sababu haifichi kitu nyuma ya moshi wala nyuma ya mvinyo, na kosa lolote la ukenekaji lingeonekana humo waziwazi.

Cha pili ni Talisker, kilichojengwa mwaka 1830 na ndugu wawili, Hugh na Kenneth MacAskill, katika kijiji cha Carbost kwenye kisiwa cha Skye. Mitungi yake ni mitano, miwili ya ukenekaji wa kwanza na mitatu ya ukenekaji wa pili, idadi isiyo ya kawaida iliyobaki tangu enzi ambapo kiwanda kilikuwa kikikeneka mara tatu. Mabomba yanayopeleka mvuke kutoka katika mitungi ya kwanza yamekunjwa kwa umbo la herufi U, na sehemu ya mvuke hunaswa hapo na kurudishwa mtungini. Kisha mvuke uliopita hupozwa katika koili ndefu ya shaba iliyozamishwa ndani ya tangi la maji baridi, njia ya kizamani inayoupa mvuke nafasi ndogo ya kuigusa shaba na hivyo kuuachia uzito wake. Moto ulipoteketeza jengo la mitungi mwaka 1960, mitungi mipya ilitengenezwa kwa kuiga ile ya zamani, uamuzi unaoonyesha jinsi wenye kiwanda walivyoamini kwamba umbo ndilo urithi wenyewe. Talisker ya miaka 10, yenye kileo cha asilimia 45.8, ina moshi wa wastani, chumvi kama ya upepo wa bahari, na mwisho wenye pilipili manga usiofanana na wa wiski nyingine yoyote, na kwa hilo pekee ingestahili nafasi katika orodha hii.

Pipa na mti wake

Kinywaji kinachotoka mtungini ni cheupe kama maji, na rangi yake ya dhahabu au ya kahawia hutokana na mti. Mapipa mengi yanayotumika Uskoti hutoka Marekani, ambako sheria inataka wiski ya bourbon ilazwe ndani ya mwaloni mpya uliounguzwa ndani, hivyo pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa kazi hiyo na huuzwa. Mwaloni wa Marekani huchangia vanila na harufu ya nazi, ilhali mwaloni wa Ulaya, unaotumika kwa sehemu ya mapipa yaliyobeba mvinyo wa sheri wa kusini mwa Uhispania, huchangia ukakasi, viungo na ladha ya matunda makavu. Zamani mapipa ya sheri yalifika Uingereza yakiwa yamejaa mvinyo na kuachwa huko, lakini katika miaka ya 1980 Uhispania ilitaka sheri itiwe chupani nchini mwake, na tangu hapo viwanda vya wiski hulazimika kuagiza mapipa yanayotayarishwa kwa sheri mahususi kwa ajili yao, kwa gharama kubwa zaidi.

Glenfarclas, kilichopata leseni mwaka 1836 katika eneo la Speyside na kununuliwa na John Grant mwaka 1865, kimebaki mikononi mwa familia hiyohiyo hadi leo, na kimeshikilia mapipa ya sheri hata gharama ilipopanda. Kimeshikilia pia moto wa moja kwa moja chini ya mitungi yake mikubwa, wakati viwanda karibu vyote vimehamia kwenye mabomba ya mvuke, na joto hilo kali hukaanga kidogo kilichomo mtungini na kukipa kinywaji mwili mnene unaoweza kuuhimili mwaloni bila kumezwa nao. Wiski yao ya miaka 15, yenye kileo cha asilimia 46, ina utamu wa zabibu kavu, lozi na ganda la chungwa, na uchungu wa mwisho unaozuia utamu huo kukinaisha. Anayetaka kujua maana ya pipa la sheri, bila kulipa gharama ya majina yaliyogeuka vito, hana sababu ya kutafuta mbali zaidi.

Umri na bei

Wanunuzi wengi huamini kwamba miaka mingi ni ubora mwingi, na imani hiyo inahitaji kusahihishwa kwa upole. Katika baridi ya Uskoti takriban asilimia 2 ya kilichomo pipani huvukiza kila mwaka, na viwanda hukiita kiasi hicho fungu la malaika. Katika mji wa Bangalore nchini India, inakotengenezwa wiski ya Amrut, upotevu unaweza kufikia asilimia 10 au zaidi, na miaka michache huko hufanya kazi ambayo Uskoti huihitaji miaka mingi. Umri, basi, hauna maana bila hali ya hewa, aina ya pipa na idadi ya mara ambazo pipa limekwisha kutumika, kwani pipa lililochoka laweza kukaa na kinywaji miaka 25 bila kukipa kitu, na pipa lenye nguvu laweza kukiharibu kwa uchungu likiachwa muda mrefu.

Bei nayo ina historia yake isiyohusiana sana na ulimi. Mwezi Novemba 2023 chupa moja ya wiski ya Macallan ya mwaka 1926, mojawapo ya chupa 40 zilizojazwa mwaka 1986 kutoka katika pipa namba 263, iliuzwa katika mnada wa Sotheby's jijini London kwa karibu pauni milioni 2.2. Thamani hiyo ni ya uhaba, ya lebo iliyochorwa na Valerio Adami, na ya hamu ya wakusanyaji. Haimwelekezi mtu anayetaka kunywa, na ni hasara kwa ufundi wenyewe pale ambapo kinywaji kilichotengenezwa kwa ajili ya meza kinageuzwa hisa ya kufungiwa kabatini.

Campbeltown na nafasi ya kwanza

Mji mdogo wa Campbeltown, kwenye ncha ya rasi ya Kintyre, uliwahi kuwa kitovu cha wiski duniani, na Alfred Barnard alipozunguka nchi katika miaka ya 1880 akiandika juu ya viwanda, alivikuta 21 katika mji huo mmoja. Wajapani wanaudai pia kuwa sehemu ya historia yao, kwa kuwa Masataka Taketsuru, aliyesaidia kuanzisha kiwanda cha Yamazaki mwaka 1923 na baadaye akajenga chake mwenyewe cha Yoichi mwaka 1934, alijifunza kazi mwaka 1920 katika kiwanda cha Hazelburn mjini humo. Marufuku ya pombe nchini Marekani, reli iliyowarahisishia wachanganyaji kununua kutoka Speyside, na pupa ya baadhi ya viwanda iliyoshusha ubora, viliuangusha mji, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 vilibaki viwanda viwili tu. Vikawa vitatu mwaka 2004, kampuni ya familia ya Mitchell, yenye Springbank, ilipokifufua cha Glengyle.

Springbank, kilichoanza mwaka 1828, hufanya kila hatua ndani ya uwanja wake: shayiri yote huchipuzwa kwenye sakafu na kugeuzwa kwa nguvu za watu, kimea hukaushwa kwa saa 6 za moshi wa mboji na saa 24 za hewa moto, kinywaji hukenekwa mara mbili na nusu, yaani sehemu yake hupita mitungini mara mbili na sehemu mara tatu, na hulazwa na kutiwa chupani hapohapo. Haitiwi rangi, wala haichujwi kwa baridi, mchujo ambao viwanda vingine hutumia ili wiski isifanye ukungu ikipoa, lakini ambao huondoa pia baadhi ya mafuta yanayobeba ladha. Wiski yake ya miaka 10, yenye kileo cha asilimia 46, inaleta pamoja moshi mwepesi, chumvi, peasi bichi, vanila ya pipa la bourbon na ukavu wa pipa la sheri, na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachokinyamazisha kingine. Ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza hapa, ikifuatwa na Lagavulin, Talisker, Glenfarclas na Glenmorangie kwa mpangilio huo.

Neno kwa anayeonja

Wiski za namna hii huonjwa vyema katika glasi iliyobana mdomoni, bila barafu, kwa kuwa baridi huufunga ulimi na pua, na kwa matone machache ya maji, ambayo yana utetezi wa kisayansi. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden walionyesha, kwa hesabu za kompyuta, kwamba guaiakoli, moja ya kemikali zinazoleta harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji kileo kikiwa cha wastani, lakini huzama ndani kileo kinapozidi asilimia 59. Kuongeza maji, kwa hiyo, si kuipunguza heshima wiski, bali kuipa nafasi ya kusema yote iliyo nayo.

Kwa msomaji ambaye imani au afya yake haimruhusu kunywa, historia hii inabaki kuwa historia ya ufundi, ya ardhi na ya kemia, na ina thamani yake hivyo hivyo. Kwa anayekunywa, ushauri ni kununua chupa moja iliyotengenezwa kwa uangalifu badala ya tatu za haraka, kusoma kwenye lebo kiasi cha kileo na kama imechujwa kwa baridi au kutiwa rangi kabla ya kuutazama umri, na kunywa kidogo, kwa sababu anayezidisha huacha kuonja mapema zaidi kuliko anavyodhani. Na anayeweza kununua moja tu kati ya hizi tano, anunue Springbank ya miaka 10.